Funguo za Kuping

Muar, Johor
Machi 3

Hendratmo,

Salamu sikuletei, na hali yako siiulizi. Namba yangu uliifunga kwenye simu yako tangu mazishi ya Baba, kwa hiyo nakuandikia kwa barua pepe, kwenye anwani ile ile tuliyoifungulia Kuping tulipokuwa bado watu wawili wenye akili moja.

Mimi ni mtu wa msasa. Nasugua miguu ya viti tangu mashine inapowashwa mpaka inapozimwa, na nikipenga kamasi linatoka na rangi ya mbao. Shule ya ufundi niliiacha katikati, unajua, maana ulikaa dawati la nyuma yangu. Kwa hiyo sitazunguka.

Kuping, yaani sikio, tuliiandika sisi wawili, ili isikilize ndege kwenye mashindano ya kuimba. Simu inawekwa chini ya kichanja cha chuma, inasikia kila tundu lililotundikwa, na ikisikia sauti isiyotoka kooni mwa ndege bali kwenye spika iliyofichwa, inamwashia mwamuzi taa nyekundu. Tuliitoa bure iwe programu huria, kila mtu aione ndani, aichukue, aibadilishe kwake. Lakini funguo za kuamua kipi kiingie kwenye Kuping yenyewe na kipi kisiingie zilikuwa mbili tu. Wako na wangu.

Siku ile kwetu Klaten ulikuwa mwamuzi mkuu. Kuping ikawasha nyekundu kwa Gludug, kurumbiza wa baba yangu. Hukusogea hata hatua moja kwenye tundu. Ulishika kipaza sauti ukasema, "Tundu la Pak Karyodi lina spika. Litoeni." Wakampekua mzee wa watu mbele ya uwanja mzima. Wakachana kitambaa cha tundu, wakamwaga maji ya ndege, hawakuona kitu. Ukasema, "Basi ameshaitoa. Kuping haikosei." Baba akakuita, "Mwanangu Hen, njoo usikie mwenyewe." Hukwenda.

Hakukanyaga tena uwanja maisha yake yote, na maisha yenyewe hayakuwa marefu. Mimi nilikuwa huku ng'ambo, pasipoti yangu kabatini kwa tajiri. Nilimzika baba yangu kupitia simu ya mdogo wangu Murwani, ikikatika kila imamu akifika mahali pa maana.

Sasa sikia. Mradi niliufungua kwa jina langu, kwa hiyo asubuhi hii, kabla ya kwenda kazini, nimeukata ufunguo wako. Na wangu naukabidhi kwa watumiaji: wafugaji wa Klaten, wa Lombok, wa Medan, wote wanaotundika tundu na kuomba Mungu. Ulizoea kusimama mbele za watu ukisema "Kuping yangu." Sasa utaiona ikiwa ya kila mtu isipokuwa wewe.

Jibu sihitaji.

Paryadi wa Karyodi

*

Muar
Machi 4

Dik Wani, mdogo wangu,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unalia, na mimi nikikusikia unalia nasahau nilichotaka kusema.

Nataka uende kwa Bu Kusmirah, muuza nyenje. Mwambie awakusanye wenye ndege barazani kwake, na wa mbali waunganishwe kwa simu. Nimemchagua yeye kwa sababu wote wanaununua kwake mlo wa ndege wao, na hakuna anayethubutu kumkasirisha mtu anayemlishia ndege. Usimame uwasomee hivi:

"Paryadi anawapa Kuping yote, na jina lake na funguo zake. Chagueni wenyewe wa kuitunza. Sharti ni moja. Hendratmo asipewe ufunguo, asipewe neno, asiwe mtunzaji leo wala kesho."

Soma taratibu, hasa mwisho. Ikiwezekana akiwepo mwenyewe, soma mara mbili.

Utaniambia kisasi hakimrudishi Baba. Najua. Msasa nao hauurudishi mti, lakini ndiyo kazi niliyonayo. Namtaka aonje kile alichokionja Baba: kusimama kwenye uwanja wa watu unaowajua, na hakuna anayetaka kukuangalia.

Gludug anakula? Usimwache na jirani, yule paka wao ana tabia mbaya.

Kaka yako,
Par

*

Klaten
Machi 14

Mas Par, kaka yangu,

Nimefanya ulivyotaka. Baraza la Bu Kus lilijaa mpaka watu wakakalia magunia ya nyenje, na nyenje wakatoka, na nusu ya mkutano ikaenda kwenye kuwafukuza. Chai ilikuwepo, tempe ya soya ya kukaanga ilikuwepo, aibu ndiyo iliyokosekana.

Niliposema unawapa Kuping yote, Pak Jumbadi akainua mkono. "Dik Wani, kaka yako anatupa gari lisilo na dereva. Mimi nafuga ndege. Ule msimbo wenu nikiufungua naona mchwa wamejipanga mstari."

Bu Kus akamwambia, "Na ulipooa, ulijua kuoa?"

"Mpaka leo sijui."

"Basi na hili hivyo hivyo. Nyamaza, kula tempe."

Halafu nikasoma sharti. Mas, ningependa kukuambia walishangilia. Walisema "inggih." Mmoja baada ya mwingine, vichwa chini, inggih, inggih. Wewe ni mtu wa hapa, unajua inggih ya namna ile: ndiyo ya kumridhisha mgeni aondoke. Lakini waliikubali, na imeandikwa kwenye kanuni kama ulivyotaka.

Alikuwepo. Alisimama nje ya ua, ameshika pikipiki yake, hakuvua helmeti. Bu Kus akampigia kelele, "Ingia, Hendratmo! Chai haina ufunguo!" Akajibu, "Hapa pananitosha, Bu." Niliposoma mara ya pili, aliwasha pikipiki. Ilikataa. Akaikokota mpaka kwenye kona, na sisi sote tukisikia mnyororo wake.

Ulitaka aonje. Ameonja. Mimi sikulala vizuri.

Gludug anakula sana. Amekuwa mkorofi kama wewe.

Wani

*

Klaten
Machi 16

Par,

Umesema hutaki jibu. Nitaandika kidogo, usome au usisome.

Sina la kujitetea juu ya maneno niliyoyasema uwanjani. Lakini kuna jambo haliniachi. Sauti iliyorekodiwa siku ile ninayo. Nimeiweka mbele yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukueleza, na kila nikiipima inatoka ile ile: spika. Hapana shaka ndani yake. Na hapana shaka pia kwamba Pak Karyodi hakuwa mdanganyifu. Yeye ndiye aliyetufundisha mimi na wewe kushika ndege bila kumvunja. Mambo haya mawili hayakai nyumba moja, na mimi nayalalia yote mawili.

Sasa umenikatia, siwezi hata kuichokonoa Kuping kwa ndani nikijua kazi yangu itapokelewa. Sawa. Naomba kimoja tu. Niruhusu niende kwenu nikae na Gludug, nimsikilize.

Hendratmo

*

Muar
Machi 17

Hendratmo,

Usikanyage ua wetu. Ulialikwa na Baba mwenyewe kumsikiliza Gludug, mbele ya watu, kwa adabu, na ulikuwa umbali wa kurusha kiatu. Mwaliko ule umekufa pamoja na aliyeutoa.

Leo nimemaliza kukabidhi. Nilifanya wakati wa chakula cha mchana, mkono mmoja wali, mkono mmoja simu. Nilipobonyeza cha mwisho nikaanza kucheka. Lukas wa Flores, anayelala kitanda cha juu yangu, akaniuliza, "Vipi, umeshinda bahati nasibu?"

Nikamwambia, "Hapana. Nimemwacha mtu uchi sokoni."

"Na wewe umebaki na nguo?"

"Zangu zimejaa vumbi, lakini ni zangu."

Akasema mimi ni mtu mbaya, kisha akaniomba sambal, pilipili yangu ya kusaga. Ndivyo tunavyoishi huku.

Msimbo ni wa watu, unaruhusiwa kuusoma kama mtu mwingine yeyote. Usome. Uone mistari yako uliyoiandika ikiguswa na watu usiowajua, wala usiulizwe.

Paryadi

*

Muar
Aprili 19

Dik Wani,

Mbona kimya? Nikipiga unasema una kazi, unakata. Nikiuliza Gludug, unasema mzima, basi. Zamani ungenieleza hata amejisaidia wapi.

Kwenye baraza la watumiaji mtandaoni nimesoma mtu wa Lombok akiuliza, "Yule bwana anayekaa kwa marehemu Pak Karyodi kila alasiri, amefikia wapi?" Bu Kus akamjibu haraka, "Mambo ya nyumbani tuyaongee nyumbani." Bwana gani? Kama ni fundi wa bati, niambie. Kama umepata mchumba, niambie, sitagomba sana. Kama ni huyo ninayemfikiria, mtoe kwa maji ya moto.

Nilitoa kila nilichokuwa nacho ili mtu yule abaki nje. Sina kingine cha kutoa, Wani. Usinifungulie mlango kwa nyuma.

Par

*

Klaten
Mei 2

Mwanangu Par,

Anayeandika ni binti yangu, maana vidole vyangu vinanuka nyenje na simu inanikataa. Ila maneno ni yangu yote, na matusi yakija ni yangu pia.

Tulipopokea funguo zako hatukujua pa kuzichomeka. Tuliketi tukiangaliana kama wakwe. Halafu watu wakaanza kusema. Mtu wa Lombok akasema ndege wake naye aliwashiwa nyekundu na tunduni hamkuwa na spika. Wa Medan akasema hivyo hivyo. Hapa hapa Klaten wakajitokeza wengine, walikuwa wamenyamaza kwa haya. Wakati Kuping ilikuwa yenu nyinyi wawili, nani angebisha? Mtu habishani na sikio la mwenzake. Ilipokuwa yetu ndipo kila mmoja akapata mdomo. Hapo tukajua kwamba aliyesingiziwa si baba yako peke yake.

Ndiyo, Hendratmo alikuwa anakuja kwenu. Murwani alimfukuza siku ya kwanza. Siku ya pili alimwekea kigoda, chai hakumpa. Alikaa chini ya tundu kama mtu aliyekuja kuposa akakataliwa na bado hajaelewa. Na unajua kwa nini alikaa? Kwa sababu yako. Yule tangu apate Kuping hakuwahi kumsikiliza ndege. Alikuwa anaangalia taa. Ulipomzimia taa, hakuwa na kingine cha kusikilizia ila masikio aliyopewa na mama yake.

Alasiri moja nimepeleka nyenje, namkuta ameinama, mkono juu. "Bu Kus, nyamaza."

Mimi, ninyamaze! Nikanyamaza.

Gludug akapanda, akashuka, akavuta ule mluzi mrefu unaotoa watu machozi, akamaliza: tk. Akaanza tena pale pale alipoanzia. Akamaliza: tk.

Nikasema, "Ndege gani huyu ana kikohozi?"

Hendratmo alikuwa analia. "Si kikohozi, Bu. Ni kiungo. Ndege huyu alifundishwa na simu."

Nani siku hizi asiyemfundisha kurumbiza kwa simu? Kinda unamfunika kitambaa, unamwekea wimbo wa bingwa ukijirudia kutwa, naye anaumeza. Kumbe anameza na pale mwisho wa wimbo ulipounganishwa na mwanzo wake. Na nyinyi Kuping mliifundisha kuitambua spika kwa alama hiyo hiyo: wimbo usiobadilika, na mlio wa kiungo. Ilisikia sawa. Spika kweli ilikuwepo, ila ilikuwa kooni mwa ndege.

Jumapili tulimpandisha Hendratmo uwanjani, kipaza sauti kile kile. Nilisimama kando yake nimeshika fagio la njiti, kwa heshima ya baba yako. Akasema, "Pak Karyodi hakuficha kitu. Aliniita nisikilize, nikakataa kwa kiburi. Ndege wake aliimba, mimi nikatazama simu."

Pak Jumbadi akapaza sauti, "Sema tena! Huku nyuma hatujasikia!"

Akasema tena.

"Tena!"

Akasema mara ya tatu. Ndipo nikamgeukia Jumbadi nikamwambia inatosha, kitambaa cha tundu ulikichana wewe. Akakaa.

Sasa lile ambalo hutalipenda, na nimeliweka mwisho ili usome kwanza mengine. Sharti lako tumelifuta. Hendratmo tumempa ufunguo. Kuping inatakiwa ifundishwe upya, na kati yetu anayeweza ni yeye. Tumezungumza mpaka wote wakakubali, wa huku na wa mbali, na safari hii haikuwa inggih ya vichwa chini. Usikasirike mpaka ukaacha kula.

Bu Kusmirah

*

Muar
Mei 3

Bu Kus,

Heshima yako ninayo, lakini leo nitaiweka pembeni kidogo.

Niliwapa kitu kwa sharti moja. Moja! Mkasema inggih, mkala tempe, mkaandika. Halafu mtu analia mara moja chini ya tundu na mnamrudishia nyumba nzima. Baba yangu alilia pia. Alilia ndani, kwa sababu alikuwa na adabu, na hakuna aliyempa chochote.

Kusema kwenye kipaza sauti mara tatu! Mimi kiwandani nikiharibu mguu mmoja wa kiti msimamizi ananisema mara tatu kabla ya chai. Hiyo ndiyo adhabu yenu?

Nirudishieni funguo. Zote. Kama hamjui kuitunza Kuping bila yeye, basi na isiwepo. Nitaifuta kila mahali ilipo, mtaandika ushindi kwa chaki kwenye ubao kama babu zetu.

Nangoja leo hii.

Paryadi

*

Klaten
Mei 6

Mas,

Bu Kus amenisomea barua yako. Amesema hatajibu kwa sababu binti yake hataki kuandika maneno aliyotaka kuyasema. Najibu mimi.

Funguo hazirudi. Na hata zikirudi, hakuna cha kufuta. Kila mwenye ndege ana nakala yake, Lombok wanayo yao, Medan yao. Wewe mwenyewe uliiandika ruhusa hiyo tangu siku ya kwanza, kwamba kila mtu achukue. Ukifuta yako utabaki wewe tu usiye na Kuping.

Nilimwingiza Hendratmo uani, na sikukuambia. Nilikuwa naogopa hasira yako. Lakini si hilo tu. Kuna jambo jingine nililijua alasiri ile ile Bu Kus alipouliza juu ya kikohozi, na nimelibeba mpaka leo nikitafuta namna ya kulitua.

Ile sauti aliyofundishiwa Gludug ilitoka kwako.

Kumbuka ulipofika tu Muar. Ulimtumia Baba wimbo wa yule ndege bingwa wa Blitar. Uliukata mwenyewe, ukaunganisha mwisho na mwanzo ili ujirudie bila kukatika, ukaandika, "Msikilizishe kinda, Pak, atakuwa mfalme." Baba hakuwa na kitu kingine kutoka kwako. Kila asubuhi alikuwa akiuwasha anasema, "Amka, Wani, Par anaimba." Majirani wanaokujua kwa jina la Par walidhani umerudi. Aliuwasha mpaka simu ile ikafa betri isiamke tena, na kufikia hapo Gludug alikuwa ameushika wote, na kiungo chako ndani yake.

Hendratmo aliutambua mkato wako. Anaujua, shuleni mlikaa dawati la mbele na la nyuma. Uwanjani angeweza kusema ni wa nani. Watu walimuuliza, "Nani alimrekodia mzee kitu kibovu hivyo?" Akasema, "Sijui. Watu wengi wanarekodi." Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga, vyote pamoja.

Sikuambii haya ili ujilaumu. Baba alifurahi na wimbo ule kuliko kikombe chochote alichowahi kushinda. Nakuambia kwa sababu umebaki wewe tu usiyejua, na uko mbali, na unapigana na watu ambao wanakulinda.

Rudi kwenye simu. Nitajaribu nisilie.

Mdogo wako,
Wani

*

Muar
Mei 20

Hendratmo,

Nimekaa na barua ya Murwani muda mrefu kuliko nilivyopenda. Lukas ameniuliza kwa nini siku hizi nasugua mguu mmoja wa kiti mpaka unakuwa kijiti.

Mkato ni wangu. Niliufanya kwa simu ya kuazima, kwenye basi la kiwanda, na nilijiona fundi. Sikatai, na sihitaji unifichie. Waambie watu uwanjani ulikuwa wa nani, Jumapili hii, kwa kipaza sauti. Sitaki fadhila yako iwe juu ya jina langu kama kitambaa cha kufunikia tundu.

Lakini usidhani hesabu imelingana. Mimi niliharibu wimbo nikiwa ng'ambo ya bahari, bila kujua. Wewe ulikuwa pale. Mzee alikuita kwa jina lako la utotoni. Una masikio mawili, na sasa kila mtu Klaten anajua yanafanya kazi, maana juu ya kigoda cha Murwani yalifanya. Ungeyatumia siku ile, kiungo kile ungekisikia siku ile, ukacheka, ukasema "Pak, ndege wako amefundishwa na Par," na baba yangu angerudi nyumbani na tundu lake zima. Hilo sikusamehe. Nimejaribu, kwa sababu Murwani aliniomba. Haliji.

Bu Kus hatanirudishia funguo na sitaomba tena. Nimejiandikisha kwenye baraza kama mtumiaji yeyote, jina langu na mahali nilipo. Nimeleta pendekezo: Kuping ikiwasha nyekundu, isitangazwe chochote mpaka mwamuzi aende kwenye tundu kwa miguu yake, asikilize, kisha achomeke bendera ya uamuzi kwa jina lake mwenyewe. Nimepanga foleni, nyuma ya mtu wa Lombok anayelalamika kwamba herufi ni ndogo. Jumbadi amenijibu, "Karibu, mgeni." Wengi wameunga mkono. Utaiandika wewe, kwa sababu ndiyo kazi waliyokupa.

Na mimi nitaisoma. Ulinichukulia Baba, mtu mmoja aliyekuwa akisoma kila barua yangu. Basi nitakupa msomaji. Kila mstari utakaouweka kwenye Kuping, nikitoka msasani, kabla sijaoga vumbi, nitausoma. Nitausoma kama anavyosoma mtu asiyekupenda. Rafiki angeruka makosa yako. Mimi sitaruka. Ukiandika kwa uvivu nitasema mbele ya watu wote, na ukiandika kwa kiburi nitasema mara mbili. Huwezi kunifunga namba, kwa sababu mlango ni wa watumiaji na mimi ni mtumiaji. Utazeeka nikiwa hapo.

Tuanze. Badiliko lako la jana lina kosa. Ndege wawili wakiimba kwa pamoja, umemwandikia wa kushoto sauti ya wa kulia. Likipita hivyo, Jumapili kuna mzee mwingine atachaniwa tundu kwa kosa la jirani yake. Nimekuwekea sauti ya kupimia, sikuikata wala sikuiunga popote. Isikilize kwanza kwa masikio yako, ndipo uguse msimbo.

Rekebisha kabla ya Jumapili. Nipo nasoma.

Paryadi, mtumiaji